Kwa Nini Nyongeza ya Mshahara Huweza Kuzaa Manung'uniko

Mwaka 2010 Timothy Judge na wenzake, watafiti wa saikolojia ya kazi nchini Marekani, walichapisha uchambuzi uliounganisha matokeo ya makundi 92 ya wafanyakazi yaliyokuwa yamechunguzwa kwa nyakati tofauti, wakitaka kujua ni kwa kiasi gani mwenye mshahara mkubwa huridhika na kazi yake kuliko mwenye mshahara mdogo. Uhusiano walioupata, kwa kipimo ambacho 0 humaanisha kwamba mambo mawili hayahusiani kabisa na 1 humaanisha kwamba huenda sambamba bila kupishana, ulikuwa 0.15 tu. Kwa hesabu za kitakwimu, ukubwa wa mshahara ulieleza takribani asilimia 2 ya tofauti ya kuridhika iliyopo baina ya mfanyakazi mmoja na mwingine. Na hata pale wafanyakazi walipoulizwa kuhusu mshahara wenyewe, si kazi kwa jumla, uhusiano huo ulifika 0.23 na kuishia hapo.

Takwimu hizo hazisemi kwamba fedha si kitu. Tafiti nyingi za aina hii hufanywa katika nchi ambako mshahara huingia benki kwa tarehe inayojulikana na hutosha walau chakula na pango, na mtu ambaye malipo yake yamecheleweshwa hadi ada ya mtoto imekosekana hahitaji mtafiti wa kumfafanulia chanzo cha huzuni yake. Zinachokanusha ni dhana finyu zaidi, nayo ni kwamba kila shilingi inayoongezwa kwenye mshahara huongeza kiasi fulani cha furaha ya kazini. Edwin Locke, aliyeandika mwaka 1976 ufafanuzi unaotumiwa na wataalamu wengi hadi leo, alieleza kwamba kuridhika na kazi ni hali njema ya moyo itokanayo na mtu kuitathmini kazi yake, na tathmini hiyo hupima umbali uliopo kati ya kile anachokithamini na kile anachoona kwamba anakipata. Kwa hiyo mshahara uleule waweza kumfurahisha mmoja na kumkera mwingine, kwa sababu kila mmoja ameuweka kwenye mizani pamoja na kitu tofauti.

Kitu hicho, mara nyingi, ni mwenzake. Jambo hili lilionekana wazi katika utafiti mkubwa uliofanywa na Samuel Stouffer na wenzake miongoni mwa wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuchapishwa mwaka 1949. Katika kikosi cha polisi wa jeshi kupandishwa cheo kulikuwa kwa nadra sana, ilhali katika jeshi la anga askari walipanda haraka. Hata hivyo, polisi wa jeshi ndio waliousifu zaidi utaratibu wa kupandisha vyeo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba polisi aliyebaki na cheo chake alizungukwa na wengi waliobaki kama yeye, lakini askari wa anga aliyebaki aliwaona wenzake wa rika moja wakimpita, na hapo ndipo mtu hujiona amepunjwa, hata kama kwa hesabu ya nje hali yake si mbaya.

Wanauchumi walichelewa kulikubali wazo hilo, pengine kwa sababu nadharia zao zilikuwa zimemzoea binadamu anayetazama mfuko wake peke yake. Mwaka 1996 Andrew Clark na Andrew Oswald walionyesha, kwa kutumia takwimu za wafanyakazi wapatao 5,000 wa Uingereza, kwamba kuridhika kulipungua kadiri mishahara ya watu wa kazi na sifa zinazofanana ilivyozidi kuwa mikubwa. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka 2012 kutoka Chuo Kikuu cha California. Gazeti moja la jimbo hilo lilikuwa limeweka mishahara ya watumishi wa umma kwenye tovuti ambayo yeyote angeweza kuifungua, nao David Card na wenzake wakawachagua kwa bahati nasibu baadhi ya watumishi wa chuo na kuwaarifu kwamba tovuti hiyo ipo. Waliogundua kwamba mshahara wao uko chini ya ule wa katikati, yaani ule unaoligawa kundi lao mara mbili sawa, waliripoti kuridhika kulikopungua na nia kubwa zaidi ya kutafuta kazi kwingine, ilhali waliojikuta juu yake hawakupata furaha yoyote ya ziada. Hakuna mshahara uliobadilika hata kwa senti moja. Kilichobadilika ni habari tu, na hasara ya walio chini haikufidiwa na faida kwa walio juu. Waajiri wanaoficha mishahara huenda wakaufurahia utafiti huu, ingawa unaweza kusomwa kinyume chake, kwamba tofauti isiyoweza kuelezwa hadharani ndiyo inayoumiza.

Tanzania ilipata mfano wake mwaka 2022. Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Julai kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000, yaani kwa asilimia 23.3. Nyongeza ilikuwa ikipungua kadiri mshahara ulivyokuwa mkubwa, lakini asilimia iliyotajwa ndiyo iliyobaki vichwani, na mishahara ya Julai ilipoingia watumishi wengi wa ngazi za kati walikuta ongezeko dogo kuliko walilokuwa wamelipigia hesabu. Malalamiko yakaenea hadi vyama vya wafanyakazi vikalazimika kuyazungumzia. Fedha zilikuwa zimeongezeka kwa kila mlalamikaji, lakini kila mmoja alikuwa amekwisha kuzitumia akilini nyingi zaidi ya hizo.

Daraja nalo huenda lina uzito kuliko nyongeza. Mwalimu wa shule ya umma nchini Tanzania huajiriwa katika ngazi ya mshahara ya TGTS, ambamo B ni ya mwenye cheti, C ya mwenye stashahada na D ya mwenye shahada, kisha hupanda kadiri miaka inavyopita. Naye huijua si herufi yake tu, bali pia herufi ya kila aliyesoma naye chuoni. Mwaka 2016 Serikali iliposimamisha kwa muda upandishaji wa madaraja ili kuhakiki watumishi, waliokuwa wamefikia zamu yao walibaki walipokuwa, na baadhi yao wakaja kujikuta daraja moja na watu walioajiriwa miaka kadhaa baada yao. Ndiyo maana baadaye ulihitajika utaratibu unaoitwa mserereko, wa kumpandisha mtumishi aliyecheleweshwa ili awafikie wenzake walioajiriwa naye. Malimbikizo hulipa fedha zilizopotea, lakini mserereko unatambua kwamba kilichopotea kilikuwa pia nafasi ya mtu kati ya wenzake, jambo ambalo Stouffer angelielewa mara moja.

Nadharia iliyopata umaarufu mkubwa zaidi katika taaluma ya uongozi iliuweka mshahara upande mmoja. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, walidai kwamba kuridhika na kutoridhika si ncha mbili za mstari mmoja: mshahara, usimamizi na mazingira ya kazi, yakiwa mabaya, huleta kinyongo, na yakiwa mazuri hukiondoa tu, ilhali furaha yenyewe hutokana na mafanikio, kutambuliwa na kazi yenye maana. Wakosoaji walisema, na inaelekea walisema kweli, kwamba binadamu akiulizwa habari za siku njema hujisifu mwenyewe na akiulizwa za siku mbaya humlaumu bosi, hivyo mgawanyo huo huenda ulitokana na namna ya kuhoji. Hata hivyo, sehemu ya pili ya dai hilo iliimarishwa miaka ya 1970 na Richard Hackman na Greg Oldham, walioonyesha umuhimu wa kazi yenyewe: iwe na stadi mbalimbali, imwezeshe mtu kuanza jambo na kulimaliza, iwafae watu wengine, impe uhuru wa kuamua na imwonyeshe matokeo ya juhudi yake.

Jirani ya hilo la mwisho ni kujua kwamba juhudi inaonekana na wengine, jambo lenye historia inayoanzia katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, ambako majaribio ya mwaka 1924 hadi 1932 yalizaa simulizi kwamba wafanyakazi huongeza juhudi kwa sababu tu wanatazamwa. Simulizi hiyo ilitiwa chumvi, na takwimu za majaribio yaliyobadilisha mwanga kiwandani, zilipochambuliwa upya baadaye, zilionekana kuitegemeza kwa udhaifu. Lakini mkoani Arusha, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walilinganisha huduma waliyoieleza wagonjwa waliotibiwa kabla na baada ya watafiti kuingia chumba cha daktari, wakakuta kwamba ubora ulipanda watafiti walipoingia, kisha ukarudi polepole ulikokuwa kadiri daktari alivyowazoea. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2006, haukupima kuridhika. Ulichoonyesha ni kwamba ujuzi wa madaktari ulikuwapo siku zote, nao ulijitokeza pale palipokuwa na mwenzao wa taaluma wa kuuona.

Ipo sehemu ya kuridhika ambayo mwajiri hana mamlaka nayo. Richard Arvey na wenzake, waliowachunguza mapacha wa kufanana waliolelewa katika familia tofauti, walikadiria mwaka 1989 kwamba karibu asilimia 30 ya tofauti za kuridhika na kazi zilihusiana na urithi. Idadi ya mapacha ilikuwa ndogo, na makadirio hayo yafaa kuchukuliwa kwa tahadhari.

Tatizo kubwa zaidi kwa Afrika Mashariki ni kipimo. Katika nchi zenye ajira nyingi, watafiti hutazama wanaoacha kazi kama ishara ya kutoridhika, lakini ajira ya kudumu yenye mafao ya uzeeni haiachwi ovyo mahali ambapo nafasi moja huombwa na mamia, na mtumishi aliyekata tamaa huomba uhamisho, hufungua duka, hufundisha tuisheni au hufika kazini na kufanya machache. Utafiti wa viashiria vya utoaji huduma wa Benki ya Dunia nchini Tanzania mwaka 2010 ulikuta asilimia 23 ya walimu hawapo shuleni siku ya ukaguzi wa kushtukiza, lakini waliokosekana darasani walikuwa asilimia 53. Sababu za pengo hilo ni nyingi na kutoridhika ni moja tu kati yake, ila mtu akihesabu barua za kuacha kazi peke yake, walimu hao wote wataingia katika safu ya walioridhika.