Wanafunzi wa Ng'ambo Wanaokuja Kujenga na Kupanda Mlima

Shule za Uingereza zifungwapo mwezi wa Julai, hufika Kenya makundi ya wanafunzi wa sekondari, wavulana kwa wasichana, pamoja na waalimu wao. Hawaji kutazama wanyama tu. Safari yao, ambayo huchukua majuma mawili hata manne, ina mafungu mawili makubwa: kazi ya kujitolea kijijini, kisha kupanda Mlima Kenya.

Desturi hii si ngeni. Mwaka 1958 Bwana Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha chama cha Voluntary Service Overseas, na waliotumwa kwanza walikuwa vijana waliotoka shule karibuni. Baadaye chama hicho kiligeuka kutafuta hasa watu wenye ujuzi, na hapo pana jambo la kufikiriwa.

Kijana asiyepata kushika mwiko hawezi kujenga ukuta ulionyoka. Mwashi akipewa vijana 12, siku ya kwanza huishia katika kuwafundisha, na tofali lililokaa kombo hana budi kulitoa na kulipanga upya. Ndiyo sababu watu wengi wameuliza kama si afadhali nauli ya ndege iletwe fedha taslimu, fundi wa kijiji apate kazi na ujira. Swali hilo ni la haki. Kwa maoni yetu, vijana na wachote maji, wachekeche mchanga, wabebe karai na kupaka rangi. Timazi na pima maji zibaki mikononi mwa fundi, naye alipwe katika fedha walizochanga. Na kamati ya shule ndiyo iseme linalotakiwa, kwani pengine haja si darasa bali ni tangi la maji au choo.

Kazi moja isikubaliwe kamwe, nayo ni kulea kwa siku chache watoto wa nyumba za mayatima. Mtoto humzoea mgeni, mgeni huondoka, akaja mwingine. Tena wengi wa watoto hao wana mzazi au jamaa aliye hai, na fedha za wageni zimewatia wengine tamaa ya kufungua nyumba hizo kama duka. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilisimamisha uandikishaji wa nyumba mpya za namna hiyo.

Tukija kwenye mlima, wengi hupita njia ya Sirimon, wakalala Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton's, mita 4,200. Huamshwa usiku wa manane ili wafike Point Lenana, mita 4,985, jua linapochomoza. Kilele cha Batian, mita 5,199, chataka kamba na ustadi, wala si cha wanafunzi. Huko juu hewa ni haba. Kichwa huuma, chakula hakipiti, na hodari wa mpira huenda akaachwa nyuma na mdogo aendaye polepole. Mtu akianza kuyumba au kukohoa povu, hushushwa mara moja, hata ikiwa ni usiku. Hapo kiongozi Mkenya ndiye mwalimu wa wote, na waalimu wa Kiingereza humtii sawa na wanafunzi wao.

Mizigo huchukuliwa na wapagazi wa Nanyuki na Naro Moru. Kundi lenye adabu huuliza, kabla ya kuondoka, kila mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, na kama ana koti na viatu vya kutosha, kwa kuwa karibu na vilele maji huganda usiku hata mwezi wa Julai.