Makaburi ya Wachimba Dhahabu wa Barkerville

Juu ya bonde la Williams Creek, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, yapo makaburi ya kale yaliyo katikati ya misonobari. Hayana fahari yo yote. Alama zake nyingi ni vibao vya mbao. Mtu apitaye bila kujua habari zake huenda akadhani ni makaburi ya kijiji kidogo tu. Lakini akianza kuvisoma vile vibao ataona jambo la kumshangaza. Huyu alitoka Wales, yule Scotland, mwingine Ireland, mwingine upande wa mashariki wa Kanada, na wengi wao walikufa kabla ya kuota mvi.

Kilichowaleta ni dhahabu. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1862, Mwingereza mmoja aitwaye Billy Barker alichimba shimo katika bonde hilo, na alipofika kina cha futi 52 hivi akaipata. Watu wakamiminika, mji ukajengwa, ukaitwa Barkerville kwa jina lake. Mwezi wa Septemba 1868 moto uliteketeza karibu mji wote, nao ukajengwa tena upesi. Hata hivyo dhahabu ya kuchimbwa kwa sururu na koleo ilipopungua, watu nao walipungua, mpaka nyumba nyingi zikabaki hazina wenyewe. Msomaji wa Kakamega, aliyesikia kwa wazee wake jinsi wageni walivyofurika kule katika miaka ya 1930 na jinsi walivyoondoka baadaye, hataona ugumu kuyafahamu mambo hayo.

Mwaka wa 1958 serikali ya jimbo iliamua kuuhifadhi mji huo uwe mahali pa ukumbusho. Nyumba zilitengenezwa, maduka yakarudishiwa sura yake ya zamani, nao wageni huenda kutazama. Nyumba zapendeza, hapana shaka. Lakini nyumba iliyotengenezwa upya yaweza kumdanganya mtazamaji. Humwonyesha mji safi wenye shangwe. Makaburi hayafanyi hivyo. Vitabu vya serikali viliandika viwanja vya kuchimbia na uzito wa dhahabu. Ni kibao cha kaburi kinachomwambia mtu kwamba Peter Gibson, mtu wa Vankleek Hill, alifariki mwezi wa Julai 1863, akawa wa kwanza kuzikwa hapo. Hakukaa hata miaka miwili katika bonde lile.

Taabu ni kwamba mbao huoza. Theluji ya miezi mingi huilowesha, jua huipasua, na rangi hubanduka. Kibao kisipobadilishwa, jina hupotea. Kikibadilishwa na mtu asiye mwangalifu, akakosea herufi moja au tarakimu moja, basi kosa lake husomwa na vizazi vyote kuwa ndiyo kweli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtunzaji si kupaka rangi, bali ni kunakili kwa uaminifu kila neno lililobaki. Ni kazi ya karani, na wala si kazi ndogo.

Tena wako wasioonekana hapo. Barker mwenyewe hayupo: alitumia mali yake yote, akafa maskini katika mji wa Victoria mwaka wa 1894. Wachina nao walikuwa wengi sana katika machimbo hayo, lakini desturi yao ilikuwa kwamba maiti ikae ardhini miaka saba hivi, kisha mifupa ifukuliwe, isafishwe, na kupelekwa Victoria ili ivushwe bahari mpaka kijijini kwa jamaa zake. Mwaka wa 1937 vita kati ya Japani na China viliifunga njia hiyo. Masanduku ya mifupa yakabaki Victoria yakingoja, na mwaka wa 1961 mabaki ya watu zaidi ya 800 yakazikwa papo hapo, Harling Point, katika makaburi 13. Hivyo hata shimo tupu lililofukuliwa ni ushahidi wa mtu aliyekuwa na kwao, nalo lastahili kuhifadhiwa sawasawa na kaburi lenye kibao.

Mtu mmoja aliye katika makaburi hayo aliyajua mambo haya yote kwa machungu yake. John Cameron alifika bondeni mwaka wa 1862 pamoja na mkewe Sophia, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule mke akafa kwa homa ya matumbo. Alikuwa ameomba asizikwe mahali pale palipo mbali na kwao. Mwezi wa Desemba Cameron akapata dhahabu nyingi, na mwisho wa Januari 1863 akaajiri watu wa kulikokota jeneza juu ya theluji. Baadhi yao walirudi njiani. Njia yao ilipita katika nchi ya wenyeji waliokuwa wakifa kwa ndui. Ugonjwa huo uliua maelfu ya watu katika jimbo, ambao hawakuandikiwa kibao cho chote.

Cameron alimfikisha mkewe Victoria, kisha kwa meli mpaka upande wa mashariki, akamzika katika jimbo la Ontario. Hata huko hakupata amani. Watu walinong'ona kwamba jeneza limejaa dhahabu, hata mwaka wa 1873 akalazimika kulifungua mbele ya macho yao. Mali yake ikaisha. Akarudi tena katika bonde lile kutafuta dhahabu asiipate, na mwaka wa 1888 akafa. Akazikwa kilimani, karibu na Gibson, aliyekuwa mfanyakazi wake. Sophia yuko Ontario mpaka leo.