Surua na mtoto wa pili

Katika nyumba nyingi za Nyangwe, mkoani Maniema, wavulana wawili waliofuatana hulala kitanda kimoja, hula sahani moja ya bukari na sombe, na mkubwa akiteremka mto Lualaba, mdogo yu nyuma yake. Ni malezi mema. Lakini surua ikiingia nyumba hiyo, kwa kawaida anayeumia zaidi si yule aliyeitoa sokoni au shuleni. Ni ndugu yake.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba surua huua hasa mtoto aliyekonda, na mjadala juu ya imani hiyo una mizizi papa hapa kwetu. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Kasongo juu ya watoto wa miezi 7 hadi 35. Chanjo ilipunguza vifo. Hata hivyo watafiti waliuliza: mtoto dhaifu aliyeepushwa na surua, je, hatachukuliwa baadaye na kuhara au nimonia? Swali hilo lilizua mabishano ya miaka mingi.

Jibu lililo na nguvu zaidi lilitoka mbali, Guinea-Bissau. Baada ya mlipuko wa surua wa mwaka 1979 mjini Bissau, mtafiti Mdenmark Peter Aaby aliona kwamba waliokufa hawakuwa wamekonda kuliko waliopona. Walichokuwa nacho ni nyumba zenye watoto wadogo wengi, na aliyeambukizwa na mwenzake wa nyumbani alikufa kwa urahisi zaidi kuliko aliyeambukizwa nje. Aliyeipata sokoni amepitwa na mgonjwa kwa dakika chache. Anayelala ubavuni mwa kaka yake anavuta hewa ileile usiku kucha, virusi vinamwingia kwa wingi, na mwili haupati nafasi ya kujipanga.

Lipo na jambo la pili. Surua hufuta sehemu ya kinga ambayo mtoto amekwisha kujijengea dhidi ya magonjwa mengine. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulipima damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kisha wakaugua surua, ukakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao. Kwa hiyo kuhara kunakomlaza mtoto miezi kadhaa baada ya vipele kukauka kunaweza kuwa bado ni kazi ya surua. Kwangu mimi, hapo ndipo swali la Kasongo linapogeuka: chanjo inamkinga mtoto na surua, na pia na yale yanayoifuata.

Haya si ya zamani. Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilihesabu zaidi ya wagonjwa 310,000 walioshukiwa kuwa na surua, na vifo zaidi ya 6,000.

Mtoto huchanjwa akitimiza miezi 9, na dozi ya pili haifai kuachwa. Kuna kikwazo kinachonisumbua sana. Chupa ya chanjo mara nyingi ina dozi 10, na ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 tu, kisha hutupwa. Basi mama amevuka mto kwa mtumbwi na mtoto mgongoni, anaambiwa arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Wauguzi wenzangu, fungueni chupa hata kwa mmoja. Dozi 9 zikimwagika, ni hasara ndogo kuliko mama asiyerudi.

Na mkubwa akishaugua? Homa, kikohozi, mafua na macho mekundu hutangulia vipele, na mtoto huanza kuambukiza kama siku nne kabla havijatokea. Hivyo usingoje vipele. Mlaze mdogo chumba kingine, au kwa bibi yake kama huko hakuna mtoto mchanga, na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu aambukizwe yaweza kumkinga. Wakati wa mlipuko hutolewa tangu miezi 6, kisha hurudiwa akifika 9. Mgonjwa mwenyewe anahitaji matone ya vitamini A siku mbili mfululizo. Mawese mekundu ni chakula chema kwake, lakini hayachukui nafasi ya matone hayo. Mnyonyeshe, mpe maji, usimnyime samaki wala karanga.

Mdogo mwangalie kwa wiki mbili hadi tatu. Akipumua kwa kasi, akikataa titi, akilegea au macho yakififia, msikae nyumbani kusubiri asubuhi.