Mafuta ya Usukani Yakipungua, Kuna Mahali Yanavuja

Barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ina kona nyingi kali, na kila kona humtaka dereva azungushe usukani upesi na kwa uhakika. Katika barabara kama hiyo, usukani uliokuwa mwepesi ukigeuka kuwa mzito ghafla unaweza kuleta ajali. Mara nyingi chanzo huwa kidogo: mafuta ya usukani yamepungua na hakuna aliyefungua boneti kuyaangalia.

Mafuta haya, ambayo mafundi wengi huyaita mafuta ya stiaringi, hayachomwi kama petroli. Yamo ndani ya mfumo uliofungwa. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini huyasukuma kwa nguvu kupitia paipu hadi kwenye mtambo unaogeuza magurudumu ya mbele, kisha yanarudi kwenye kikopo chake. Kwa sababu hiyo, kiwango kikishuka ujue yanavuja mahali fulani. Kuongeza tu bila kutafuta panapovuja ni kupoteza pesa na kuahirisha hatari.

Si kila gari lina mafuta haya

Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni, kama vile Honda Fit na Toyota Vitz, hutumia mota ya umeme kusaidia usukani. Hayana kikopo cha mafuta ya usukani, na mwenye gari asihangaike kukitafuta. Usukani wa gari kama hilo ukiwa mzito, lipelekwe kwa fundi wa umeme wa magari. Malori, pamoja na matatu na pikapu nyingi, bado hutumia mafuta.

Namna ya kuyatafuta

1. Egesha gari mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, zima injini na uiache ipoe.

2. Fungua boneti na utafute kikopo kidogo cha plastiki, aghalabu upande wa mkanda wa injini. Kifuniko chake huwa na mchoro wa usukani au maneno "Power Steering".

3. Usikichanganye na kikopo cha mafuta ya breki. Hicho huwa nyuma ya injini, upande wa dereva, na kifuniko chake huandikwa DOT 3 au DOT 4.

4. Tazama alama za MIN na MAX ubavuni mwa kikopo. Vingine havionyeshi ndani. Vina kijiti cha kupimia kwenye kifuniko. Kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kisha kitoe tena usome. Penye alama mbili, COLD husomwa injini ikiwa baridi na HOT ikiwa moto, kwa kuwa mafuta hupanda yakipata joto.

Namna ya kuongeza

Kwanza hakikisha aina ya mafuta. Mara nyingi jina lake huandikwa kwenye kifuniko, kwa mfano ATF DEXRON, au katika kitabu cha gari. Magari yaliyotoka Japani huja na kitabu cha Kijapani, lakini jina la mafuta kwa kawaida huandikwa kwa herufi za kawaida. Baadhi ya watengenezaji hutaka mafuta yao maalumu, kwa hiyo rangi inayofanana si uthibitisho kwamba mafuta ni yale yale.

Kamwe usiweke mafuta ya breki kwenye usukani, kwa kuwa huharibu sili za mpira. Mafuta ya usukani nayo yakiingia kwenye breki huharibu sili zake, na breki zinaweza kukataa kushika.

Pangusa vumbi kwenye kifuniko kabla ya kukifungua. Ongeza kidogo kidogo na usipite alama ya MAX. Washa injini, zungusha usukani polepole kulia na kushoto mara kadhaa, zima, kisha pima tena.

Dalili za kuvuja

Baada ya kuongeza, weka katoni chini ya injini usiku kucha. Asubuhi, doa jekundu au la kahawia litaonyesha panapovuja. Angalia pia maungio ya paipu, pampu, na mipira iliyo karibu na magurudumu ya mbele. Mlio wa kuguna wakati wa kugeuza usukani, au povu ndani ya kikopo, ni ishara kwamba hewa imeingia.

Kikopo kikiwa kitupu, gari lisiendeshwe. Pampu hulainishwa na mafuta hayo hayo, na ikizunguka mikavu huharibika. Kubadilisha paipu iliyochakaa kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua pampu mpya.

Namna ya kubadilisha

Mafuta yakiwa meusi au yakinuka kuungua, wakati wa kuyabadilisha umefika, hata kama muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari bado.

Njia rahisi ni kufyonza mafuta ya zamani kutoka kwenye kikopo kwa bomba la sindano kubwa, injini ikiwa imezimwa, kisha kujaza mapya hadi alama. Washa injini, zungusha usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine, zima, na urudie hadi mafuta ndani ya kikopo yabaki safi. Usiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, kwa sababu joto na msukumo huumiza pampu. Kufungua paipu ya kurudisha mafuta ili kuyatoa yote ni kazi ya kuachiwa fundi.

Mafuta machafu yasimwagwe

Mafuta yaliyotumika ni taka hatari. Yakimwagwa kwenye mtaro au uwanjani, mvua huyasomba hadi mtoni, ambako watu na mifugo hunywa. Yatiwe kwenye chombo chenye kifuniko na kupelekwa gereji inayokabidhi mafuta machafu kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari barabarani liwe katika hali nzuri, na magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa kila mwaka. Hata hivyo, ukaguzi wa siku moja hauwezi kuona paipu itakayopasuka mwezi ujao. Dereva anayefungua boneti mara moja kwa wiki, kabla ya kupanda mlima, ndiye atakayeigundua mapema.