Kuyaleta Maji Jukwaani: Ziwa Babati na Fizikia ya Mchezo wa Kuigiza

Mchoraji wa filamu ya katuni anao uhuru ambao mwigizaji hana, kwani vitu anavyovichora havina uzito. Akitaka samaki aelee, humchora akielea. Akitaka nywele za binti zitandae juu ya kichwa kama majani ya ziwani, huzichora hivyo, picha 24 kwa kila sekunde, na mtazamaji husadiki. Lakini filamu hiyo hiyo inapogeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, mambo hubadilika. Mwigizaji ana kilo zake 50 au 60, sakafu ni ya mbao au saruji, na mvutano wa dunia haumsamehe mtu kwa sababu tu amevaa mkia wa samaki.

Katika makala haya tutaeleza kwa nini kazi hiyo ni ngumu, waliokwisha kuijaribu walifanya nini, na jinsi fizikia na elimu ya viumbe zinavyoweza kumfaa mwalimu mwenye ukumbi mmoja, mashuka machache na wanafunzi wengi. Mifano yetu tutaielekeza Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Mji huo una kitu ambacho miji mingi yenye majumba makubwa ya michezo haina, nacho ni ziwa lililo mlangoni, lenye viboko ndani yake. Wenyeji wanayajua maji hayo kwa wema na kwa ubaya. Mwaka 1990 ziwa lilifurika likaingia mjini. Mtoto wa Babati amekwisha kuona kiumbe kikizama hapa na kuibuka kule. Hadhira ya namna hiyo haidanganyiki kwa kitambaa cha buluu peke yake.

Magurudumu na nyaya

Mfano ujulikanao zaidi ulimwenguni ni hadithi ya binti nguva iliyoandikwa na Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837, ambayo kampuni ya Disney iliifanya filamu ya katuni mwaka 1989 kwa jina la The Little Mermaid. (Tukumbushane hapa kwamba nguva halisi si nusu mtu. Ni mnyama anyonyeshaye, mla nyasi za baharini, ambaye amebaki kwa idadi ndogo mno katika bahari ya Rufiji, Mafia na Kilwa.) Mchezo wa jukwaani uliotokana na filamu hiyo ulijaribiwa kwanza Denver mwaka 2007, kisha ukafunguliwa New York tarehe 10 Januari 2008 chini ya mwelekezi Francesca Zambello.

Swali la kwanza lilikuwa la wazi: wakazi wa baharini wataogeleaje juu ya sakafu kavu? Jibu lililochaguliwa lilikuwa ni viatu vyenye gurudumu kisiginoni, ili waigizaji wateleze badala ya kutembea. Fikra hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kichwa cha mtu atembeaye hupanda na kushuka kwa kila hatua; cha samaki hakifanyi hivyo. Gurudumu huuondoa mpando na mshuko huo, na mwendo ukawa laini. Hata hivyo wahakiki wengi hawakuridhika, na mchezo ulifungwa tarehe 30 Agosti 2009 baada ya maonyesho 685.

Kwa maoni yetu kasoro ilikuwa ya kifizikia kabla ya kuwa ya kisanaa. Gurudumu humpa mtu mwendo usio na ukinzani, ilhali maji ni ukinzani wenyewe. Atelezaye kwa gurudumu huonekana yuko juu ya barafu, wala hafanani na aliye ndani ya maji. Tena hadithi yenyewe huumia, kwa sababu binti nguva anauza sauti yake ili apate miguu. Ikiwa katika nusu ya kwanza ya mchezo mtazamaji hakuiona tofauti kati ya kuwa majini na kuwa nchi kavu, basi hataelewa binti huyo amenunua nini kwa bei kubwa kiasi hicho.

Maonyesho ya baadaye, yakianzia Uholanzi mwaka 2012, yaliwaning'iniza waigizaji kwa nyaya ili waogelee hewani. Njia hiyo hupendeza macho, lakini ina gharama zake. Mikanda inayombeba mwigizaji humbana nyonga na mbavu, na mwimbaji anahitaji mbavu na kiwambo cha pumzi viwe huru. Aidha, nyaya, kapi na watu wa kuviendesha ni lazima viwe vya kitaalamu. Shule isijaribu kabisa kumning'iniza mtoto kwenye boriti ya paa kwa kamba ya kuchotea maji.

Njia ya tatu ni ile ya vikaragosi, yaani mifano ya viumbe inayochezeshwa na watu. Mwezi Januari 2007, huko Florida, ulifunguliwa mchezo uliotokana na filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ambamo samaki wakubwa, kazi ya mtengenezaji Michael Curry, wanabebwa na waigizaji wanaoonekana waziwazi. Mtazamaji humwona mtu na samaki kwa pamoja, na baada ya dakika chache humsahau mtu. Curry alikuwa amefanya kazi na Julie Taymor katika The Lion King ya mwaka 1997, mchezo unaotumia majina na maneno ya Kiswahili. Humo ukame unaonyeshwa kwa kitambaa cha duara kilicho dimbwi la maji, kinachovutwa polepole kupitia tundu la sakafuni hadi kutoweka. Hakuna aulizaye maji yamekwenda wapi.

Sisi wenyewe tunao mfano wa kale kuliko hiyo. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, mtu wa Ngarambe anaingia katika maji ya mto na kutoka akiwa na ujumbe utakaowaunganisha watu katika Vita vya Maji Maji. Mwelekezi hahitaji kuuleta mto ukumbini. Kina cha maji kinasomwa katika nyuso za wale waliobaki ukingoni wakingoja.

Yale ambayo maji hufanya

Neno letu kuu basi ni hili: maji yenyewe hayaletwi jukwaani, huletwa matendo yake. Kwa hiyo ni lazima tuyajue matendo hayo.

Kwa ujazo ule ule, maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Kutokana na uzito huo hupatikana mambo mawili. La kwanza ni kani eleo, yaani nguvu inayokisukuma juu kitu kilichozama, ambayo ni sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa mahali pake. Mwili wa binadamu una uzito unaokaribiana sana na wa maji ya ujazo huo, ndiyo maana aliye majini hujihisi karibu hana uzito. Jambo la pili ni ukinzani. Ukinzani wa maji huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani huzidi kama mara nne. Kiumbe mkubwa hawezi kufyatuka ghafla majini bila kutumia nguvu nyingi, na akiacha kusukuma, mwendo wake hufifia kidogo kidogo mpaka ukaisha.

Hapa ndipo walimu wengi hukosea. Huwaambia watoto, "Nendeni polepole," na watoto huenda kama wagonjwa. Aliye majini haendi polepole wakati wote. Husukuma kwa nguvu, huteleza, hufifia, kisha husukuma tena. Zaidi ya hayo, vitu vyepesi vilivyoshikamana na mwili huufuata kwa kuchelewa. Mkono umekwisha kufika, lakini kitambaa cha mkono bado kiko njiani. Kwa kazi hiyo khanga haifai, kwani huanguka upesi. Mtandio mwepesi hufaa, kwa kuwa uzito wake ni mdogo ukilinganishwa na upana wake, na hewa huukinza kama vile maji yanavyokikinza kitu kizito zaidi. Ujanja wa kitambaa kirefu kinachoshikwa ncha mbili na kutikiswa umetumika kwa muda mrefu katika michezo ya kabuki ya Japani kuonyesha mawimbi.

Kuhusu nuru, tusiyanakili maji ya filamu. Maji hunyonya kwanza nuru nyekundu, na hivyo bahari safi yenye kina huonekana ya buluu. Ziwa Babati halina kina kirefu, nalo hupokea udongo kutoka miteremkoni wakati wa mvua. Ndani yake ni kijani na hudhurungi, na jicho haliendi mbali. Kambare, aliye mwenyeji wa maji ya namna hiyo, hutafuta njia na chakula kwa sharubu zake. Basi mashuka yatiwe rangi ya majani na ya udongo. Ile nuru inayochezacheza chini ya maji hutokea kwa sababu kila kiwimbi ni kama lenzi ndogo, kinakusanya miali mahali hapa na kuitawanya mahali pale. Inaweza kupatikana bila umeme: karai la maji liwekwe penye jua la dirishani, kioo kiegemezwe ndani yake, na maji yaguswe kwa kidole. Michirizi ya nuru itacheza ukutani na darini. Kioo kisielekezwe machoni pa watu, na taa za umeme zisikaribishwe kwenye karai hilo kwa hali yoyote.

Sauti ndiyo sehemu inayosahauliwa kuliko zote, ingawa huu ni mchezo wa nyimbo. Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, majini kama mita 1,500. Sisi hutambua sauti inatoka upande gani hasa kwa sababu hufika sikio moja mapema kidogo kuliko la pili. Majini tofauti hiyo huwa ndogo mno hata ubongo usiweze kuitumia vizuri, na sauti huonekana kutoka kila mahali. Mwalimu anaweza kulifanya jambo hili bila kutumia hata senti moja: waimbaji wa kiitikio watawanywe kuuzunguka ukumbi, nyuma ya watazamaji na pande zote, wakivumisha midomo imefungwa. Tukio likiwa juu ya maji, wakusanyike mbele na kuimba kwa vinywa wazi. Watazamaji watajua wamezama au wameibuka hata wakifumba macho.

Kiboko haogelei

Tuje sasa kwa kiumbe ambaye hakuna mchezo wa Babati unaoweza kumwacha. Watu wengi hudhani kiboko huogelea. Kwa kweli kiboko mzima, mwenye uzito unaozidi tani moja, ana mwili mzito kidogo kuliko maji, naye huzama na kutembea chini. Hugusa tope kwa miguu, hujisukuma, mwili wote huinuka na kwenda mbele kwa utulivu, kisha hushuka na kugusa tena. Anaweza kukaa chini hivyo kwa kiasi cha dakika 5. Pua, macho na masikio yake yamepangwa juu ya kichwa, hata anapoibuka kuvuta pumzi huonyesha sehemu ndogo tu. Usiku hutoka kwenda kula majani nchi kavu.

Jambo hili si la mapambo. Wavuvi wa ziwa hilo huvua kwa mitumbwi, na kila mwaka katika Afrika viboko huua watu. Mchezo unaomwonyesha kiboko akielea juu kama puto unamfundisha mtoto kwamba hatari huonekana kutoka mbali. Hatari yenyewe inatembea chini, katika maji yanayomzidi kimo kidogo tu, na mvuvi hana habari.

Mwigizaji mmoja hawezi kuuiga mwendo huo kwa miguu yake. Mtu akiruka sentimita 20, hukaa hewani kwa sekunde 0.4 tu, na hakuna mazoezi yatakayoibadili hesabu hiyo. Ndiyo maana kikaragosi kinafaa. Fremu ya mianzi ifunikwe kwa magunia, ibebwe na wanafunzi wanne, miguu ya kiboko ikining'inia kwa kitambaa. Wabebaji watembee hatua zao za kawaida, lakini mikono yao iinue mwili kwa hesabu ya tatu na kuushusha kwa hesabu ya tatu. Kichwa kitangulie kuinuka, tumbo lifuate, miguu iwe ya mwisho. Miguu ya wabebaji itaonekana, na isifichwe.

Lipo bado suala la uso wa maji, na hapa jukwaa linaishinda filamu. Kamera kwa kawaida huwa juu ya maji au chini yake, na mchoraji hulazimika kukata kutoka picha moja hadi nyingine. Jukwaani, shuka moja refu likishikwa na wanafunzi wawili usawa wa meza, huligawa tukio katika dunia mbili zinazoonekana kwa wakati mmoja. Nyuma ya shuka, juu ya meza zilizounganishwa vizuri na kushikiliwa, amekaa mvuvi na kafi lake. Mbele ya shuka, chini ya usawa wake, fremu ya mianzi inapita ikiinuka na kushuka. Kiitikio kinavuma kutoka pande zote za ukumbi. Kisha kinanyamaza, shuka linatikisika mahali pamoja, na watazamaji wa Babati hawatahitaji kuelezwa kwa nini mvuvi ameacha kupiga kafi.