Shawarma ya Beirut, Baghdad na Cairo: tofauti iko kwenye mkate na sosi

Ukishuka kwenye basi jioni mjini Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala, hutembei mbali kabla ya kuiona. Pande kubwa la nyama limesimama wima kwenye chuma, linazunguka taratibu mbele ya moto, na kijana mwenye kisu kirefu analipunguza kidogo kidogo. Nyama inaviringishwa ndani ya mkate mwembamba pamoja na chipsi, kabichi na mayonezi, inafungwa kwenye karatasi, unakabidhiwa. Hiyo ndiyo shawarma tuliyoizoea huku kwetu.

Lakini mtu wa Baghdad akipewa hiyo atauliza achari ya embe iko wapi. Wa Beirut atashangaa kuona mayonezi. Nyama inachomwa kwa namna moja karibu kila mahali. Kinachokuambia shawarma ni ya wapi ni mkate unaoifunga na sosi inayopakwa ndani. Na sosi hiyohiyo, kama tutakavyoona, ndiyo inayoweza kukulaza hospitali.

Ilitoka Uturuki

Zamani nyama ilichomwa ikiwa imelala juu ya makaa, kama mishikaki. Huko Erzurum, mashariki mwa Uturuki, bado wapo wanaoichoma hivyo. Katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Waothmani, wapishi waliisimamisha wima. Familia ya İskender Efendi wa mji wa Bursa inasema ni mzee wao aliyeanza, mwaka 1867, ingawa wapo wanaobisha. Faida yake inaonekana kwa macho: mafuta hayadondoki kwenye makaa na kutoa moshi, bali yanateremka juu ya nyama yenyewe na kuilainisha.

Waturuki waliiita döner, yaani inayozunguka. Waarabu, ambao nchi zao nyingi zilikuwa chini ya utawala huohuo, walichukua neno jingine la Kituruki, çevirme, lenye maana ya kugeuza, nalo likawa shawarma. Wagiriki wanaiita gyros, na maana ni ileile ya kuzunguka. Walebanoni waliohamia Mexico walikwenda na ujuzi wao, na huko ikazaliwa tacos al pastor, ambayo ni nyama ya nguruwe. Mwislamu anayesafiri asidanganywe na lile pande linalozunguka.

Sham: nyama kwa ufuta, kuku kwa thomu

Nchi za Sham, yaani Syria, Lebanon, Jordan na Palestina, ndiko shawarma ya Kiarabu ilikokomaa. Pale Lebanon kuna kanuni ambayo wapishi wanaishika sana. Nyama ya ng'ombe au kondoo hupakwa sosi ya ufuta uliosagwa, iliyochanganywa na ndimu, na kuwekewa nyanya, kitunguu na majani ya kotimiri ya Kizungu. Kuku hupakwa sosi ya kitunguu saumu, pamoja na matango ya achari. Kuchanganya hivyo viwili ni kama kula pilau kwa mchuzi wa dagaa: hakuna sheria inayokukataza, ila watu watakutazama.

Sosi hiyo ya kuku inaitwa toum. Watu wa pwani wataitambua mara moja, kwa sababu sisi nasi tunasema kitunguu thomu, neno lilelile la Kiarabu. Kitunguu kinapondwa na chumvi, kisha mafuta yanamiminwa kidogo kidogo huku mtu akikoroga bila kuchoka, na ndimu juu yake, mpaka inakuwa nyeupe na nzito. Ukiitazama utadhani ni mayonezi, lakini ile ya asili haina yai hata moja.

Wasyria nao wana ufundi wao. Roli ya kuku, ikishafungwa kwenye mkate mwembamba, hupakwa mafuta ya nyama na kubanikwa tena mpaka mkate uwe mkavu na ulie ukiuma. Ukiagiza ile wanayoiita arabi, inakatwa vipande vidogo na kupangwa kwenye sahani pamoja na chipsi.

Ukipata bahati ya kufika Beirut, mgahawa wa Barbar katika mtaa wa Hamra unajulikana na kila dereva wa teksi. Mjini Amman, Jordan, watu hupanga foleni mbele ya kibanda kidogo kiitwacho Reem, karibu na mzunguko wa barabara unaoitwa wa Pili. Hakuna meza ya maana wala kiti. Unakula umesimama barabarani.

Baghdad na embe, Cairo na mkate mrefu

Iraq wanaiita gass, kutokana na neno la kukata. Mara nyingi ni kondoo au ng'ombe, na mkate wake ni samoon, mnene katikati na wenye ncha mbili kama mtumbwi. Juu yake wanamimina amba, achari ya maembe ya rangi ya manjano yenye ukali na uchachu. Jina hilo ni la Kihindi na maana yake ni embe. Lilifika Iraq kwa njia ya bahari, kwa wafanyabiashara waliokwenda na kurudi Bombay, kama achari zetu za pwani zilivyofika. Mtu wa Mombasa akiila hatahisi yuko ugenini.

Misri ni habari nyingine. Shawarma ya zamani ya Cairo ni ya ng'ombe, inakaangwa upya kwenye bati pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili hoho, halafu inatiwa ndani ya mkate mrefu laini unaofanana na boflo jembamba. Vita vya Syria vilipoanza mwaka 2011 na wakimbizi wengi kuingia Misri, walifungua migahawa, hasa katika mji wa 6 Oktoba nje ya Cairo. Leo kijana wa Cairo anachagua ya Kimisri au ya Kisyria kama anavyochagua timu ya mpira.

Ghuba nako shawarma ililetwa na Walebanoni, Wasyria na Wapalestina waliokwenda kutafuta kazi. Ni ndogo, ya kuku mara nyingi, na inaliwa usiku na watu wa mataifa yote, wakiwemo vijana wetu wanaofanya kazi Muscat, Doha na Dubai. Aliyeko Dubai akauliza Al Mallah, mtaa wa Satwa, ataonyeshwa.

Tazama sosi kabla ya kulipa

Sasa turudi kwenye kibanda cha stendi. Mayonezi ya kutengeneza pale pale hutumia mayai mabichi, na yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonella. Likikaa kwenye joto saa nzima hadi usiku, bakteria huongezeka. Jimbo la Kerala nchini India lilipiga marufuku mayonezi ya mayai mabichi mwaka 2023, baada ya matukio ya watu kuugua na mwanafunzi mmoja kufariki baada ya kula shawarma mwaka uliotangulia. Jordan nako, mwaka 2020, mamia ya watu waliugua kwa shawarma ya mgahawa mmoja.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na cha moto kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60. Kwa hiyo angalia kama moto unawaka kweli. Wapo wanaouzima kuokoa gesi wateja wakipungua, na pande linabaki vuguvugu. Nyama inayokatwa iwe imeiva, si yenye rangi ya waridi. Kama bakuli la mayonezi limekaa wazi juani, omba yako bila sosi, au na ndimu na pilipili tu. Muuzaji akikasirika, mwache.

Nyumbani si lazima uwe na chuma kinachozunguka. Vipande vyembamba vya kuku vilivyolala usiku na ndimu, bizari, mdalasini na kitunguu saumu vinaiva vizuri kwenye kikaango, na chapati inatosha kuwa mkate. Kwa sosi, Lindi na Mtwara wana ufuta tele shambani. Ukaange kidogo, utwange mpaka utoe mafuta, tia ndimu, chumvi na kitunguu saumu. Ukianza kuongeza maji utaganda na kukutisha. Endelea kuongeza kidogo kidogo huku ukikoroga, utalainika na kuwa mweupe.