Niliuza pai kipupwe kizima, mwisho nikabaki na deni

Chukua daftari na kalamu, leo tunapiga hesabu.

Mimi naoka nyumbani, Njombe mjini. Nimeishia kidato cha nne, kuoka nimejifunza kwa kuangalia video na kuunguza. Kama hujawahi kufika kwetu mwezi wa 6 na wa 7, jua tu kwamba usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi mtu anaenda kazini amejifunga shuka juu ya koti. Msimu huo juisi na aiskrimu husogezi. Watu wanataka chai ya moto na kitu kitamu cha kunywea hiyo chai. Nikaona nafasi: pai ya epo, ina mdalasini, inanukia mpaka kwa jirani.

Nikakopa 150,000 kwenye kikoba. Mama ndiye aliyenidhamini.

Picha ya kwanza niliyoweka stetasi ilileta oda tano siku hiyohiyo. Bei yangu 8,000, na kupelekewa bure. Bei hiyo niliipata wapi? Niliona dada mmoja Dar anauza keki ndogo kwa 8,000, nikasema basi na mimi. Mwezi mmoja na nusu nikauza pai 28. Hela inaingia kwenye simu, inatoka, nanunua unga, nanunua siagi, wateja wanasifia. Nikajiona bosi.

Halafu ikaja oda kubwa. Dada mmoja wa Makambako alitaka pai 12 za send-off. Sikuchukua advansi, niliona aibu kumwomba mtu mzima. Nikaoka usiku kucha. Alfajiri baridi kali, nikawaza pai zisipoe njiani. Nikazitoa jikoni nikazifunga kwenye maboksi zikiwa za moto, nikaziba na gundi ya karatasi, nikapakia kwenye coaster.

Saa tano simu ikaita. "Mdogo wangu, hii ni pai au uji?" Akanitumia picha. Chini kumelowa, juu kumelegea, boksi lenyewe limechoka. Akakataa kulipa, na haki yake. Mvuke wa pai ya moto ulikuwa umekutana na boksi la baridi, ukageuka maji, maji yakadondokea kwenye unga. Niliziharibu mwenyewe kwa huruma ya kutaka zifike za moto.

Siku ya marejesho ya kikoba sikuwa na kitu. Mama hakunigombeza. Aliingia stoo akatoa viazi vya mbegu alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya kupanda, akaviuza, akalipa. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo biashara yako inakula kuliko inavyolisha." Mwaka ule tulipanda nusu shamba.

Ndiyo nikakaa chini kuandika pai moja inanigharimu nini. Hizi ni bei nilizonunulia mimi wakati huo, wewe weka za kwako:

Unga wa ngano gramu 300: 600
Siagi gramu 150: 3,000
Epo 5: 2,000
Sukari gramu 100: 300
Mdalasini, limau, konifulawa na chumvi: 400
Nusu yai la kupaka juu: 200
Mkaa: 700
Boksi: 1,000
Karatasi na stika: 200
Bando: 300

Jumla 8,700. Nilikuwa nauza 8,000! Hapo bado bodaboda 1,000 niliyokuwa nalipa mimi. Kila pai iliyotoka mlangoni ilitoka na 1,700 yangu. Zidisha mara 28, ni 47,600. Ongeza zile 12 za Makambako, 104,400. Jumla 152,000. Mtaji wangu wote umeisha, na 2,000 juu. Na jasho langu la usiku kucha sijaliandika popote.

Umeona mchezo? Oda nyingi zilikuwa zinanimaliza haraka zaidi. Zile pai 12 niliziona kabisa zilivyonitia hasara. Zile 28 ziliniibia huku nacheka.

Sasa nikuambie nilivyorudi, maana kipupwe kilichofuata sikuacha kuoka. Nilianza na pai yenyewe.

Baridi ni rafiki wa pai. Siagi ikibaki ngumu ndani ya unga, zile chembe zake zinayeyuka zikiwa jikoni, maji yake yanakuwa mvuke, mvuke unainua unga na pai inatoka ya kumung'unyika. Kwenye joto siagi inayeyuka mkononi kabla ya wakati wake, pai inatoka ngumu kama kapero. Wenzetu wa Dar na Tanga wanahangaika na friji, sisi wa nyanda za juu asubuhi jiko zima ni friji. Kwa hiyo oka mapema, kabla jua halijatoka na kabla jiko halijapata moto.

Vipimo vyangu kwa chombo cha sentimita 20: unga gramu 300, siagi nusu yake, yaani 150, chumvi kidogo, sukari kijiko kimoja. Kata siagi vipande vidogo, isugue na unga kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chenga. Weka maji baridi kijiko kimoja kimoja, vinne au vitano vinatosha. Ukishikana, acha. Usiukande kama wa chapati, utakuwa mgumu. Funika, upumzike nusu saa. Ukiona unapasuka wakati wa kusukuma, baridi imeuzidi, uache dakika 10 ulegee.

Epo chagua ngumu zenye uchachu kidogo. Menya, kata, pika na sukari, mdalasini na limau kwa dakika kama 8, kisha weka kijiko cha konifulawa uliyoikoroga na maji ili ule mchuzi wake uwe mzito. HALAFU ACHA IPOE KABISA. Ukiweka epo za moto juu ya unga mbichi, siagi inayeyuka na chini kunalowa kabla hujafika hata kwenye moto.

Mwenye oveni: nyuzi 200 kwa dakika 15, kisha punguza mpaka 180 kwa dakika 25 hadi 30. Oveni ipate moto kwanza, na wakati wa baridi inachelewa, usiwe na haraka. Tuliozoea sufuria yenye mchanga na mkaa juu na chini, kuna kosa moja: tunatumia moto wa keki. Keki inataka moto mdogo chini. Pai inataka chini kuive kwanza, kwa hiyo anza na mkaa wa kutosha chini, ukishaona ukingo umekauka ndiyo uongeze wa juu. Jiko liweke pasipo na upepo, kipupwe upepo unakula mkaa wako bure.

Pai ikitoka, iweke juu ya waya ipoe angalau saa mbili ndipo uifunge. Boksi nimelitoboa matundu madogo pembeni. Mteja anataka ya moto? Ninamwandikia kikaratasi: weka kwenye kikaango kikavu, funika, moto mdogo, dakika tano. Chini kunakauka tena, anakula ya moto kwake mwenyewe. Hicho kikaratasi kimenileta wateja kuliko picha zote nilizowahi kupiga.

Sasa biashara. Bei yangu ikawa 13,000, na boda analipa mteja. Ndani yake 8,700 ni gharama, 2,000 ni mshahara wangu, 2,300 ni faida ya biashara. Nilipotangaza bei mpya baadhi ya wateja walinikimbia, wengine wakaniandikia "umepandisha sana". Iliniuma, sitakuficha. Nikawajibu kwa heshima, nikawatengenezea tati ndogondogo za pasheni kwa yule asiyeweza pai nzima. Bei ya pai sikuigusa.

Advansi ni nusu, kabla sijanunua hata epo moja. Niligundua mteja wa kweli hakasiriki ukimwomba advansi. Anayekasirika mara nyingi ndiye angekukimbia siku ya mzigo.

Oda ninapokea mwisho Jumatano, naoka Ijumaa na Jumamosi tu. Jiko linawashwa mara moja kwa pai nne, mkaa unapungua. Na kila oda inaingia daftarini siku hiyohiyo, hata kama nasinzia.

Kipupwe cha pili niliuza pai 31. Unaona, si nyingi kuliko mwaka wa kwanza. Ila kila moja iliniachia 4,300, mshahara na faida pamoja, jumla 133,300. Niliponunua mbegu za viazi nikampelekea mama stoo, hakusema asante wala nini. Alizihesabu, akaniuliza, "Hii faida au mtaji?" Nikamwambia faida. Akasema haya, kesho twende shambani.

Basi na wewe, iwe unauza pai, viatu au mafuta ya nywele, leo usiku chagua bidhaa yako moja tu. Andika gharama zake mstari kwa mstari, mpaka bando, mpaka mfuko. Halafu angalia bei unayoiposti. Kama bei ni ndogo kuliko jumla, kesho usiposti kwanza. Rekebisha bei ndiyo uite wateja.